Solidi-steti inakuja lini, na sisi wa nchi za joto tununue betri gani?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za betri za magari ya umeme, pamoja na hizo mpya za solidi-steti, yaani zenye kitu kigumu ndani badala ya kimiminika, kwahiyo mengine nimeyaweka kando. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine maana ndo swali ambalo wengi wenu mmeuliza kwa namna tofauti tofauti.

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Mbagala, kazini kwangu ni Posta. Nataka kuagiza Nissan Leaf used toka Japani, ya 2013, maana bei zake zimeshuka sana. Sasa shemeji yangu ananiambia nisitupe hela, nisubiri solidi-steti, eti Toyota wanatoa gari inayotembea kilomita elfu moja na kuchaji dakika kumi. Nisubiri au ninunue?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yangu, usisubiri, na hiyo Leaf ya 2013 nayo usiinunue. Najua ulitegemea nichague moja, ila ngoja nikueleze.

Shemeji yako hajatunga. Oktoba 2023 Toyota walitangaza kushirikiana na Idemitsu Kosan, kampuni ya mafuta ya hukohuko Japani, kutengeneza betri za solidi-steti, na muda waliotaja ni 2027 au 2028. Samsung SDI wa Korea Kusini wanasema 2027, CATL na BYD wa China nao wanautaja mwaka huohuo ila wenyewe wamesema wazi kwamba kwa kuanzia itakuwa idadi ndogo tu, na BYD wakaongeza kwamba uzalishaji mkubwa ni karibu 2030. Sasa kumbuka Toyota haohao mwaka 2017 walikuwa wanasema mwanzoni mwa miaka ya 2020, na mwanzo huo umeshapita. Sisemi wanadanganya, nasema kazi ni ngumu kuliko walivyoipigia hesabu, na mtu anayetakiwa kutoka Mbagala kwenda Posta kila asubuhi hawezi kupanga maisha yake kwa tarehe za namna hiyo.

Ugumu uko wapi? Betri za lithiamu tunazotumia, kuanzia ya kwanza kuuzwa na Sony mwaka 1991 mpaka ya hiyo simu uliyoshika, zina pande mbili, chanya na hasi, na katikati kuna kimiminika kinachopitisha lithiamu kwenda na kurudi. Kimiminika hicho kinashika moto, na kinachakaa, hasa kwenye joto. Solidi-steti wanakitoa kimiminika wanaweka kitu kigumu, inaweza kuwa aina ya kauri, au plastiki, au unga wenye salfa ulioshindiliwa. Faida kubwa wanayoitafuta ni kwamba ukishaweka kitu kigumu pale katikati unaweza ukaondoa grafaiti ya upande wa hasi ukaweka lithiamu yenyewe tupu, ambayo inabeba nguvu nyingi zaidi kwa uzito uleule, hapo ndo zinapotoka hizo kilomita elfu. Tatizo lithiamu tupu ukiichaji haraka inaota vimiiba vyembamba sana vinavyotafuta njia kwenda upande wa pili, vikifika betri imepiga shoti, na kinachowasumbua watafiti ni kwamba vinapenya hata kwenye kauri kwa kufuata nyufa ambazo macho hayazioni. Halafu vitu viwili vigumu ukivilaza pamoja havigusani kila mahali, betri ikijaa inavimba kidogo ikiisha inanywea, na kila ikifanya hivyo mgusano unaachia, kwahiyo inabidi ibanwe kwa nguvu muda wote. Na ile ya salfa, ambayo ndo Toyota na Samsung wameikazania, ikikutana na unyevu wa hewa inatoa gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu, maana yake kiwanda lazima kifanye kazi kwenye hewa iliyokaushwa kabisa. Yote hayo ni gharama.

Na wanaosema haijawahi kuingia barabarani si kweli. Kuanzia 2011 jiji la Paris lilikuwa na huduma ya magari ya kukodi kwa dakika iliyoitwa Autolib, vigari vya Bluecar vya kampuni ya Bolloré, na betri zake zilikuwa ngumu ndani, za plastiki. Zilifanya kazi kweli. Lakini betri hizo haziamki mpaka zipate joto la nyuzi 60 na kuendelea, kwahiyo gari ikiegeshwa ilitakiwa ibaki imechomekwa kwenye umeme ili betri isipoe. Huduma ilifungwa 2018 kwa sababu za hela. Kwahiyo ukisikia mtu anasema solidi-steti muulize ni ya aina gani, inafanya kazi nyuzi ngapi, na inavumilia kuchajiwa mara ngapi, ukiona hana jibu jua amesoma kichwa cha habari tu.

China nako kuna za nusu kwa nusu, ambazo ndani kimiminika kimepunguzwa tu. Kampuni ya magari ya Nio walitoa ya kilowati-saa 150 (kilowati-saa ni kipimo cha umeme unaoingia kwenye betri) na Desemba 2023 mkurugenzi wao William Li akaendesha gari aina ya ET7 kilomita 1,044 bila kuchaji huku watu wanaangalia laivu. Safi sana. Ila rais wa kampuni hiyohiyo, Qin Lihong, alikuwa ameshasema gharama ya betri hiyo moja inalingana na bei ya gari yao zima ya ET5, ndo maana wakaamua kuikodisha badala ya kuiuza. Mercedes nao wakafunga betri za Factorial, kampuni ya Marekani, kwenye gari ya majaribio aina ya EQS, mwaka 2025 ikatoka Stuttgart Ujerumani mpaka Malmö Sweden, kilomita 1,205. Angalia ni gari ya aina gani. Solidi-steti ikianza kuuzwa itaanzia kwenye magari ya matajiri, na mpaka ishuke ifike kwenye used za kuja Dar huyo mwanao anayesoma msingi atakuwa ameshamaliza chuo.

Wakati wote tunaangalia huko, betri ya kawaida imeshuka bei mbele ya macho yetu. Kwa hesabu za BloombergNEF, watafiti wa masoko ya nishati, mwaka 2010 kilowati-saa moja ya betri ilikuwa zaidi ya dola 1,000, mwaka 2024 wastani umefika dola 115. Na iliyochangia sana ni LFP, yaani lithiamu na fosfeti ya chuma, haina nikeli haina kobalti. Ilitoka maabara ya mzee John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, miaka ya 90, yule aliyepewa Nobel ya kemia 2019 akiwa na miaka 97. Kwa muda mrefu wakubwa waliidharau kwamba ni nzito. Ni kweli ni nzito, seli yake inabeba kama wati-saa 160 mpaka 200 kwa kilo wakati NMC, ile ya nikeli, manganizi na kobalti, inafika 250 na zaidi. Lakini LFP inavumilia kuchajiwa mara 3,000 na kuendelea, inavumilia joto zaidi, na ni ngumu kulipuka. Mwaka 2024 karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani zilikuwa LFP, na China peke yake karibu robo tatu. Huo ndo uamuzi ambao soko limeshaufanya, na kwa mtu wa pwani mimi naona ni uamuzi sahihi kabisa.

Sasa hiyo Leaf. Leaf za mwanzo, za kilowati-saa 24, betri zake sehemu kubwa ni manganizi, na hazina maji ya kupoza wala feni, betri inakaa na joto lake. Manganizi ikipata joto inaanza kuyeyukia kwenye kimiminika na ujazo unashuka. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, jimbo la joto kali kule Marekani, walilalamika sana mpaka Nissan wakaongeza waranti ya ujazo wa betri. Dar haina joto la Arizona, ila Dar hakuna majira ya baridi ya kuipumzisha.

Ukiwa bado unaitaka Leaf, tafuta kuanzia 2018 yenye kilowati-saa 40, na usiangalie rangi kwanza. Washa dashibodi, kulia kabisa pembeni ya mistari ya chaji kuna vimistari vidogo 12, viwili vya chini ni vyekundu, hivyo ndo afya ya betri. Mstari wa kwanza unapotea betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15, hiyo inayofuata kila mmoja ni kama asilimia 6, kwahiyo gari yenye mistari 9 imebakiwa na chini ya robo tatu. Na usiishie hapo maana kuna wauzaji wanairiseti kompyuta ya betri, mistari inarudi yote 12 halafu baada ya wiki kadhaa inaporomoka ukiwa umeshalipa. Tumia kale kakifaa ka OBD, kanakochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, pamoja na programu ya LeafSpy kwenye simu, angalia asilimia ya afya na uangalie seli zinavyolingana voliti, ukikuta moja imeshuka peke yake achana nayo. Ukiagizia mbali mwambie muuzaji akupigie picha ya skrini hiyo siku hiyohiyo, akizungusha maneno tafuta mwingine. Na kama hela inaweza kujikamua kidogo, gari ya Kichina yenye LFP na mfumo wa kupoza betri itakufaa zaidi ya Leaf yoyote.

SWALI: Assalaam alaykum. Nipo Muscat, nimenunua gari ya umeme yenye betri ya LFP. Dukani wameniambia nijaze hadi asilimia 100 kila wiki, jirani yangu mwenye gari ya umeme pia ananiambia niking'ang'ania 100 nitaiua betri, mwisho 80. Hapa kiangazi joto linapita 45. Nimfuate nani?
Msomaji, Muscat, Oman

JIBU: Waalaykum salaam dada. Wote wawili wana haki yao, jirani yako bila shaka gari yake ni ya nikeli. Betri ya nikeli ikijaa kabisa inakaa kwenye voliti ya juu, karibu 4.2 kwa seli, na hapo kimiminika kinaungua polepole, kwahiyo 80 kwa matumizi ya kila siku ni ushauri mzuri kwake.

Ya kwako ni tofauti. Seli ya LFP inakaa karibu voliti 3.2 au 3.3 kuanzia ikiwa na chaji nyingi mpaka ibaki kidogo, haishuki kwa mpangilio. Ni mambo ya mtungi wa gesi jikoni, moto unawaka vilevile mpaka dakika ya mwisho ndo unazima. Kompyuta ya gari kwahiyo inakisia, na kila siku inakosea kidogo, mpaka ujaze 100 ndo inajua tena imesimama wapi. Usipojaza kwa miezi unaweza ukaona asilimia 20 kwenye skrini kumbe ndani iko 8, gari ikazimika barabarani. Tesla wenyewe kwa magari yao ya LFP wanaandika kwenye maelekezo ujaze mpaka 100 angalau mara moja kwa wiki.

Ila usije ukaelewa kwamba LFP haiogopi joto, inaogopa, isipokuwa kidogo kuliko mwenzake. Ukirudi nyumbani saa nane mchana kwenye joto hilo usichomeke palepale, iache ipoe kivulini, weka ianze usiku wa manane imalizie alfajiri karibu na muda wa kuondoka. Na ukisafiri kuja Unguja likizo ya mwezi mzima, usiiache imejaa 100 kwenye jua, iache karibu nusu.

SWALI: Sasa mzee, mimi ni boda hapa Kayole Nairobi, napiga kama kilomita 150 kwa siku. Kuna stima za kuswap betri na kuna za kununua na betri yake kabisa. Hiyo ya kununua wananiambia betri ni nyepesi, ya nikeli, chaji inaenda mbali. Nichukue gani?
Msomaji, Kayole

JIBU: Tupige hesabu pamoja. Pikipiki ya umeme inakula kama wati-saa 30 kwa kilomita, ukibeba abiria na mzigo zaidi, kwahiyo 150 kwa siku ni kilowati-saa nne na nusu hivi. Betri ya pikipiki mara nyingi ni kama kilowati-saa tatu, maana yake unaimaliza mara moja na nusu kila siku. Betri ya nikeli inayovumilia mara 1,000 utaichosha ndani ya miaka miwili, na deni la pikipiki huenda bado unalipa. LFP ya mara 3,000 kwa mwendo huohuo inapita miaka mitano. Tofauti ya uzito kwa betri ndogo hivyo ni kilo sita saba tu, abiria mmoja mnene anakuzidishia kuliko hapo.

Kwa swap lakini, betri si yako, ikichoka ni shida ya kampuni. Kigali ndo wamelizoea hili, kampuni ya Ampersand iko huko tangu 2019, ukisimama pale kituoni unaona jamaa anafungua kiti anavuta boksi anasukuma lenye chaji anaondoka, abiria hata hajapata muda wa kulalamika, na Rwanda imefika mahali ambapo kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria za Kigali zinazosajiliwa ni za umeme tu. Kwa mwendo wako mimi ningeenda swap, mradi kituo kiwe kwa njia zako za kila siku na sio zile za kwenye ramani ya matangazo. Ukichagua kununua, uliza betri ni ya kemia gani na waranti ni ya miaka mingapi au chaji ngapi, waandike kwa karatasi.

SWALI: Jambo ndugu mwandishi. Niko Kolwezi. Kwetu kobalti ndio chakula, ndugu zangu wanachimba kwa mikono. Sasa watu wanasema solidi-steti ikifika hawatataka tena kobalti yetu. Ni kweli?
Msomaji, Kolwezi, Lualaba

JIBU: Ndugu, swali lako nimelisoma mara nyingi maana wanaoandika habari za betri mara chache wanawafikiria nyinyi. Jibu ni kwamba solidi-steti siyo adui yenu. Inabadilisha kimiminika cha katikati na upande wa hasi. Kobalti inakaa upande wa chanya, na wengi wanaotengeneza solidi-steti upande wa chanya wanaweka nikeli, manganizi na kobalti kama zamani, ingawa kobalti wanaipunguza kila mwaka. Anayewaondolea soko ni LFP, na ameshaanza. Kongo inatoa kama asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na bado bei ilitoka zaidi ya dola 80,000 kwa tani mwaka 2022 ikaanguka chini ya 25,000 mwanzoni mwa 2025, sababu migodi ilitoa nyingi huku wanunuzi wanahamia kwenye betri zisizoihitaji, mpaka serikali ya Kinshasa ikasimamisha kuuza nje Februari 2025 na Oktoba ikaleta mgawo. Bei ilipanda, ni kweli. Lakini kiwanda cha magari kikiona bei imepanda ghafla na hakina uhakika wa mzigo, kinaongeza LFP, na kikishabadilisha mitambo hakirudi nyuma.

Nafuu yenu ni kwamba kobalti ya kwenu sehemu kubwa inatoka pamoja na shaba, na shaba inatakiwa kwenye gari ya umeme ya kemia yoyote, kwenye mota, kwenye nyaya, na kwenye betri yenyewe. Anayechimba mwenyewe kwa koleo ndo yuko kwenye hatari zaidi, maana bei ya kobalti ikianguka mgodi mkubwa unaishi kwa shaba, yeye anaishi kwa mfuko aliouza leo. Kama kuna mkutano wowote wa ushirika au wa wilaya huko, hoja ni hiyo, bei ya shaba iliyomo kwenye mawe wanayopeleka sokoni, kwamba mnunuzi aipime na ailipie na sio kulipia kobalti peke yake.

Na majirani zenu nao wasikilize. Solidi-steti yenye lithiamu tupu haihitaji grafaiti, kwahiyo wenye wasiwasi nayo wawe watu wa Mahenge na Lindi hapa Tanzania, ambako miradi ya grafaiti imepangwa kwa kutegemea betri. Nikeli ya Kabanga kule Ngara yenyewe inafaa kwa NMC na kwa solidi-steti, ila LFP haiihitaji. Lithiamu ya Manono huko kwenu Kongo inatakiwa na wote hao. Hii ndo sababu nawaomba viongozi wetu wakisaini mikataba ya miaka 30 wawe na mtu wa kemia chumbani.

SWALI: Shikamoo. Nina bajaji ya umeme Mwanza, ina betri nne za maji za voliti 12. Zimekufa ndani ya mwaka. Niweke sodiamu ambazo nasikia ni rahisi, au LFP?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Zilikufa kwa sababu betri za risasi, ndo hizo za maji, hazipendi kumalizwa, ukizishusha mpaka chini kila siku hazifiki hata mara 500. Sodiamu ni kemia nzuri, CATL walitangaza yao ya wati-saa 175 kwa kilo Aprili 2025, na chumvi inayotoa sodiamu ipo kila mahali, lakini sifa yake kubwa ni kuvumilia baridi kali, ambayo Mwanza haipo, na voliti yake inapanda na kushuka sana, kontrola ya bajaji yako inaweza isielewe. Weka LFP ya seli 16 ambayo inafanya voliti 51.2, hakikisha ina BMS ndani, yaani ile bodi inayolinda seli. Na chaja nunua mpya inayoishia voliti 58.4, ile ya zamani ya betri za maji usiitumie hata kwa dharura, maana haikutengenezwa kuishia hapo, nyingine zina hatua ya kusafisha risasi inayopandisha voliti juu zaidi, na BMS ikikata kila siku kwa sababu hiyo ipo siku itashindwa kukata.